Juu ya Dungu na Uta wa Musyoka

Alhamisi jioni. Mawingu ya Julai yamekaa chini mchana kutwa, Kathiani yote ni baridi. Mimi nina hasira, na naandika nikiwa hivyo hivyo.

Leo nilipanda tena dungu, jukwaa la miti ambalo marehemu mume wangu Musyoka alilijenga shambani ili kulinda mahindi yasiliwe na tumbili. Gunia la kulenga liko chini kwenye matuta, limejaa mabua. Jumamosi wazee wa ukoo wanakuja. Shemeji yangu Kioko anataka uta wa Musyoka. Anasema ulitoka kwa baba yao, hauwezi kubaki kwa mwanamke. Wazee wakasema utakaa na anayeweza kuutumia. Nikilipata gunia nikiwa juu ya dungu, kama Musyoka alivyozoea, ni wangu. Nikilikosa, Kioko anauchukua.

Koti la Musyoka alishalichukua, na redio pia. Nilimwachia.

Uta, hapana.

Shida yangu ni mkono. Ukiwa juu unalenga chini, mkono ulioshika uta hutaka kushuka wenyewe. Ukishuka, bega linalegea na mshale unapita juu ya gunia. Musyoka alinifundisha: vuta kwanza kana kwamba unalenga mbele, tulia, kisha pinda kiunoni. Aliniwekea vidole viwili juu ya fundo la leso yangu. "Bawaba iko hapa," alisema, "si begani." Naukumbuka ubaridi wa vidole vile kuliko hata sauti yake.

Asubuhi yote nilishusha mkono. Mishale yote ikaishia kwenye mihogo nyuma ya gunia.

Ndipo Kioko akaja. Hakusalimu. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye gunia, akaliegemea.

"Shemeji, hao tumbili wameshakuogopa ama bado?"

"Toka hapo, Kioko."

"Nitoke niende wapi? Hapa ndio salama. Mshale yako haijawahi fika."

Nilivuta. Sijui kwa nini nilivuta. Mbele kwanza, nikatulia, kisha nikapinda kiunoni. Mkono haukushuka hata kidogo. Bega lilikaa mahali pake. Ila ncha ya mshale haikuwa kwenye gunia. Ilikuwa kwenye kifungo cha shati lake.

Aliacha kucheka.

Nikairudisha kamba polepole mpaka uta ukalegea. Mshale nikauweka kando.

"Si unaona," akasema, akijitenga na gunia. "Wewe huwezi kuachia. Jumamosi nakuja na kamba ya kufunga hiyo uta kwa pikipiki."

Alipoondoka nilijaribu tena, nikimwaza Musyoka na vile vidole vyake. Mkono ukashuka. Mihogo tena. Kisha nikamwaza Kioko ameegemea gunia na meno yake nje. Mshale uliingia katikati. Nikarudia, nao ukaingia karibu na mwenzake.

Nimelelewa kanisani. Watu huniita mpole, na mimi nilikuwa nimeamini. Sikujua kwamba ndani yangu kuna mtu wa namna hii, wala kwamba analenga vizuri kunishinda.

Uta nimeupaka mafuta na kuutundika nyuma ya mlango. Pale pa kushikia bado pana kipande cha leso yangu ya zamani, Musyoka alikifunga mwenyewe ili mkono usiteleze. Jumamosi nitapanda nikimchukia Kioko, na uta utabaki ulipo. Hilo nimeshaamua.

Lakini kuna jambo linanikera tangu niliposhuka. Musyoka, mtu mtaratibu vile, hakulikosa lile gunia hata mara moja. Akinifundisha mimi tulicheka. Akipiga yeye, alinyamaza na kukaza taya, nami sikuwahi kumuuliza.

Musyoka, wewe ulikuwa unamwaza nani?