Hatua Kumi na Mbili za Bibi

Shikamoo Bibi,

Uwanja wetu wa mpira wa Ifakara ulifunguliwa upya jana. Ungeuona! Ule uzio wa mabati uliokuwa ukipiga kelele upepo ukivuma haupo tena. Kuna jukwaa la zege, vyoo vyenye maji, na nyasi ambazo ng'ombe hawaruhusiwi hata kuzitazama.

Nakumbuka Jumamosi zetu. Tulibeba majivu ya pumba za mpunga kutoka mashineni Kibaoni, wewe ukachora mistari, mimi nikashika kamba upande wa pili, kitabu kwapani. Kamba ikilegea ulinipigia kelele: "We mke mwenzangu, hicho kitabu hakikimbii! Vuta!" Mwisho ulisimama golini ukahesabu hatua kumi na mbili, ukaweka alama ya penalti.

Ukarabati ulipoanza, hukuwepo tena duniani. Siku moja nilipita uzioni nikamkuta nyapara wa mafundi akipima kwa futi kutoka golini hadi alama yako ya zamani. Akacheka. "Nani alipima penalti hapa? Alikuwa anatambaa?" Nilitaka kumwambia kuwa ulikuwa mfupi tu, basi. Sikusema. Niliona aibu hadi nyumbani, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu.

Kisha mwalimu akanichagua nisome historia ya uwanja siku ya ufunguzi. Karatasi niliyopewa ilitaja waliotoa eneo na waliosimamisha magoli ya kwanza. Wewe hukuwemo. Nikaongeza sentensi kwa penseli, nikaifuta, nikaiandika tena. Hata nilipoitwa kwenye kipaza sauti sikujua kama nitaisoma.

Nikaisoma, Bibi. "Na mistari ilichorwa miaka mingi na bibi yangu, kwa majivu ya pumba, na penalti aliipima kwa miguu yake mifupi."

Mzee mmoja, mshambuliaji wa zamani, akasimama jukwaani. "Kumbe! Ndiyo maana hapa nilikuwa nafunga, nikienda Mahenge kipa anadaka huku anapiga mwayo!"

Mzee mwingine akamrukia. Alikuwa golikipa wetu wa enzi hizo. "Na mimi mkaniita mikono ya mlenda! Miaka yote mnanipigia puani!"

Watu walicheka hadi mgeni rasmi akafuta machozi. Wakakupigia makofi, wewe, kwa jina lako.

Baadaye nyapara alinifuata, kofia mkononi. "Samahani, mdogo wangu. Hebu nionyeshe alama yake ilikuwa wapi." Nikasimama golini, nikahesabu kumi na mbili. Nilisimama karibu mita mbili kabla ya alama mpya, pale pale pako. Nyapara akaitazama miguu yangu, akatabasamu.

Pumzika, Bibi. Safari hii kamba haikulegea.

Mjukuu wako,
mke mwenzako wa vitabu