Picha Ishirini na Sita Bila Mama

Kikula, Likasi
Tarehe 16 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Eddy,

Salamu nyingi. Hujambo huko Hyderabad? Unakula vizuri? Unalala? Na mama, kile kidonda cha upasuaji kinaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma, na mimi nimechoka, mdogo wangu, nimechoka kweli.

Naandika kwa mkono, na Dominique atakuletea barua hii wiki ijayo akija kununua dawa za duka lake, kwa sababu kwenye simu kila swali langu unalijibu kwa picha.

Picha zako ni nzuri, sikatai. Lile lango la minara minne, ziwa, wauza bangili, bajaji zimebanana barabarani. Mkokoteni wa ndizi umeupiga mara tatu. Mama yetu hata mara moja.

Jumapili shangazi Alphonsine alizipitia zote ishirini na sita. Akaweka simu mezani, akasema, "Huyu mutoto iko anatuficha kitu. Mama yake alishakufa." Akafunga kikwembe kiunoni, akaanza kulia. Unajua kwetu watoto hawaambiwi kifo kwenye simu. Wanafichwa kwanza, wanasimuliwa mambo mengine, kama wewe na picha zako. Basi majirani hawakuuliza. Walitoa viti vyetu nje, wakatandika mikeka.

Baba alirudi kutoka kazini Kakontwe, viatu vyeupe kwa chokaa, akakuta matanga kwenye ua wake mwenyewe. Aliketi chini palepale. Sitaki kuona tena jambo kama hilo.

Ulipopokea simu yangu ukasema mama yu hai, amekonda tu na hataki watu wamwone hivyo, wamama wa jumuiya walikunja mikeka wakaenda. Shangazi aliona haya, akatuletea maharage. Mimi nakuamini. Baba haamini. Amekataa viti virudishwe ndani mpaka amwone mke wake, nasi tunakula tumesimama.

Najua mama atakasirika. Mwambie hasira zote azielekeze kwangu, nitazibeba na hizo. Kukonda kwake tutakuzoea.

Mwanangu Princesse anakusalimia, shangazi pia, ingawa kwa aibu. Mungu akupe nguvu za kumuuguza, awarudishe nyumbani wote wawili. Msalimie sana mama, na akiitikia tu, mpige picha hapo hapo, hata kama analia.

Dada yako akupendaye,
Fidélie