Kamba ya Kisima cha Korbesa

Isiolo, 9 Februari 1984

Dada Istar,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila Aabo, baba yetu, anakohoa na mvua imekataa kabisa. Wewe na watoto huko Mombasa mko aje?

Tangu mashua yetu ya mashindano ipinduke huko na mwenzangu Racho azame, siwezi kuingia majini. Lakini kocha aliniambia mwili usilale, nirudi Agosti. Basi asubuhi naenda kwa mchanga wa mto mkavu na tairi kuukuu la lori ya Aabo, nimelijaza mawe. Nakaa chini, nakanyaga gogo, navuta kamba mpaka kifuani, tairi linakuja. Nalirudisha, navuta tena. Ni kama kupiga makasia, ila hakuna kitu inaweza kunimeza.

Watu wanacheka. Aabo hacheki. Aliniuliza, "Umefika kwa baba yake Racho?" Nikaongeza mawe kwa tairi.

Ndugu yako,
Dualeh

Mombasa, 1 Machi 1984

Walaal, ndugu yangu Dualeh,

Wa aleikum salaam. Watoto wazima, mdogo ameota jino. Mwambie Aabo anywe tangawizi.

Kocha alikuja kukuulizia. Kiti chako cha mashuani hajampa mtu. Lakini Aabo amesema kweli. Mzee Guyo amezika mwanawe wa pekee, na wewe ulikuwa naye mashua moja. Nenda kwake Korbesa.

Dada yako,
Istar

Mombasa, 20 Aprili 1984

Dualeh, salaam. Mbona kimya? Unaumwa, ama hujaenda?

Dada yako

Korbesa, 2 Juni 1984

Dada,

Asalaam aleikum. Mimi mzima. Nisamehe, huku barua inangoja lori.

Nilikuja kutoa pole nirudi kesho yake. Mzee Guyo hakunipa mkono. Alichukua ndoo akaenda kisimani, nikamfuata. Kisima ni kirefu, na ng'ombe walikuwa wamelala chini kwa kiu. Racho alipokuwa akija likizo, kuvuta maji ilikuwa kazi yake. Sasa mzee anavuta peke yake, na viganja vimechunika mpaka damu. Nikashika kamba nyuma yake. Tulivuta hivyo siku nyingi.

Majuzi akaniuliza, bila kugeuka, "Alikuita?"

Nikasema, "Aliniita, Mzee. Niliogelea. Sikumfikia."

Alivuta mpaka ndoo ikafika juu. Kisha akasema, "Racho alikuwa anatanguliza mguu wa kushoto. Simama hivyo, mgongo hautauma."

Nikasimama hivyo. Nililia, Istar, na yeye akaniachia kamba yote, akaenda kunywesha ndama.

Mwambie kocha kiti ampe mwingine. Mvua bado iko mbali.

Ndugu yako,
Dualeh

Mombasa, 30 Juni 1984

Walaal,

Wa aleikum salaam. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni.

Kocha nilimwambia. Akauliza, "Huko anavuta nini?" Nikasema, maji. Alivua kofia, akakaa nayo mkononi. "Basi asiache," akasema.

Nimempa dereva wa lori ya huko buni na sukari, umpe Mzee Guyo. Mkaange buni kwa samli kama desturi ya huko, mle pamoja.

Dada yako,
Istar