Alama tatu za Rage

Rage, wallahi umeniaibisha hapa hospitali Garissa, na wewe uko Modogashe umelala tu.

Daktari ni msichana, anaitwa Fartun. Amefungua shati yangu akaona zile alama tatu ulizonichoma na chuma cha moto kutibu tumbo hili lililovimba.

Ameuliza, "Mzee, nani amekuchoma hapa?"

Nimesema daktari wa ngamia. Nesi amecheka mpaka akashika ukuta.

Halafu Fartun akasema, "Huyo rafiki yako alipata mahali penyewe. Bandama iko hapo hapo. Lakini moto ulibaki mlangoni, kwenye ngozi tu." Mlangoni, Rage!

Ni kala-azar, ugonjwa wa kuvimba bandama. Inaletwa na wale inzi wadogo wa kwenye kichuguu, pale tunapokaa kupumzika. Ningechelewa mwezi mmoja mngenizika.

Sasa sikia dawa. Imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, inaingia kwa mshipa. Nimeuliza, nani anavionyesha njia ya bandama?

Akasema, "Hakuna. Askari wa damu wanaona mgeni, wanammeza. Na mdudu wa ugonjwa wako amejificha ndani ya askari hao hao."

Yaani dawa inafika kwa kukamatwa! Mimi nimekamatwa barabarani maisha yangu yote kwa kukosa kitambulisho, na sijawahi kufika popote.

Lakini Rage, Ijumaa kabla nije huku nimeona tumbo lako. Limevimba upande ule ule. Weka chuma chini, panda lori, njoo. Kitanda cha kando yangu kiko wazi.

Na ubebe kitambulisho, walaal, ndugu yangu. Kukamatwa kunafaa dawa tu.