Sabato Mbele ya Ubao wa Simu

Homa Bay,
Jumapili, 13 Novemba 1966.

Mpendwa Dada Mong'ina,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Shemeji Ombui hajambo? Na Kemuma, ameshaota meno ya kumng'ata baba yake? Joto la Mombasa bado linakukondesha, au umeshalizoea? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Habari za moyo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulianza kazi hapa kituo cha simu vijana watatu, mimi, Ombati na Marcella, tukitoka mafunzoni Nairobi na viatu vinang'aa. Sasa nimebaki peke yangu.

Ombati ndiye aliyetangulia, mwezi wa sita. Mteja mmoja alimtukania mama kwa sababu laini ya Kisii ilikuwa na mtu. Ombati akavua vyombo vya masikioni katikati ya zamu, akavilaza kitini polepole, akatoka. Siku hizi anatengeneza redio kule Migori. Anasema redio hupiga kelele, lakini haimtaji mama wa mtu.

Marcella aliondoka kwa machozi. Alimuunganisha mtu wa kwao Karungu na hospitali, akasikia kwamba mgonjwa amefariki. Kwenye laini hiyo hiyo jamaa wakaamua mjane asiambiwe mpaka wazee wafike. Jioni Marcella akamkuta mjane huyo sokoni hapa mjini akimchagulia mumewe tumbako, naye mama akamsalimu kwa kicheko. Kiapo cha kazi kinatukataza kutoa tulichosikia, basi Marcella akanyamaza. Wiki iliyofuata akarudi kwao kukausha samaki.

Bwana Cephas, mkubwa wetu, anasema vijana wa siku hizi hatuna subira, tena kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, lakini koleo lililosalia ni mimi, nami naanza kupinda.

Linaloniuma zaidi ni Sabato. Marcella ni Mkatoliki, kwa hiyo yeye alikuwa akinishikia zamu ya Jumamosi, nami nikimshikia ya Jumapili. Sasa nakaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu siku zote mbili, nyaya mikononi, na kanisa letu liko ng'ambo tu ya barabara. Jana walipoanza kuimba, nikaimba nao kwa sauti ya chini, nikasahau kwamba nimeacha laini wazi. Mfanyabiashara mmoja wa Sori akafoka, "Wewe opareta! Mimi naomba Kisumu, si kanisa!" Nikacheka, nikageuka nimsimulie Marcella. Kiti chake kilikuwa kitupu. Dada, sikufichi, nililia.

Barua ya kuacha kazi iko kwenye droo, nimeshaitia sahihi. Baba hajui. Yeye bado anawatangazia watu wa soko la Ndhiwa kwamba mwanawe ndiye anayeshika simu ya wilaya nzima. Nikikumbuka uso wake, nafunga droo. Nikikumbuka Sabato ijayo, naifungua tena.

Bwana Cephas ameona ninavyopinda, anataka nimjibu mwisho wa mwezi kama nabaki kazini au natoka. Kabla sijampa, nakuomba jambo moja. Jumamosi tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi, nenda posta uombe Homa Bay. Nikikuuliza unataka nani, usitaje duka wala ofisi. Nitaje mimi. Huu mwaka wa pili naunganisha watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba mimi. Uniambie nikae au nitoke, nami nitakutii.

Mama na mdogo wetu Nyarangi wanawasalimu sana. Mwambie Shemeji aache kukusumbua na pilipili zake. Mungu awafunike kwa mkono wake, akulinde wewe na huyo mwenye meno.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Mokaya

Nimesahau: dakika tatu zikiisha nitakata laini kwa mkono wangu mwenyewe, maana ndiyo sheria. Usidhani nimekasirika. Wewe endelea kusema mpaka mwisho.