Vumbi Halikunata, na Sisaini

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Wifi hajambo? Na mapacha, wameizoea shule mpya au bado wanalia getini? Kile kifua chako kinatutia wasiwasi; ulipokohoa kwenye simu Mama aliacha kula. Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza mori ulinipanda nikaiweka chini. Unasema nisaini ile ripoti, vumbi tu hilo, nani ataumia. Kaka, nakuheshimu, umenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Lakini sisaini ng'o.

Najua Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti alikupigia simu akakusimulia nusu ya habari. Nusu nyingine hii hapa.

Nyota inapozaliwa huzungukwa na gesi na vumbi, mfano wa sahani pana inayozunguka. Vumbi linagongana, linanata, linakuwa vidonge, vidonge vinakuwa mawe, mawe yanakuwa makubwa kama milima, na mwisho wake ni sayari kama hii unayoikanyaga. Shida iko njiani. Vipande vikifika ukubwa wa punje ya mchele, havinati tena. Vikigongana vinadunda, kila kimoja kinashika njia yake. Vinavukaje hapo, hakuna mwenye uhakika. Ndilo swali nililolikalia tangu nimalize chuo. Nina pipa langu la chuma lenye kidirisha. Nanyonya hewa yote, naangusha vumbi ndani, napiga picha jinsi punje zinavyokutana.

Basi mwezi uliopita zikanata. Zikafika ukubwa wa harage. Mkurugenzi, mtu asiyeitikia hata salamu, alinikumbatia mbele za watu. Mama akawatangazia majirani, na wewe nadhani uliwatangazia wagonjwa wako.

Wiki iliyofuata nikafungua pipa kulisafisha, nikakuta mpira wa kuziba mlango umepasuka. Hewa ya nje ilikuwa inapenya. Vumbi langu lilinata kwa sababu lilipata unyevu, kama unga uliomwagika kwenye meza yenye maji. Sasa, sayari kama yetu haizaliwi mezani pa mtu. Vumbi la huko ni kavu kuliko kitu chochote ulichowahi kushika. Nikabadilisha mpira, nikarudia. Punje zikadunda kama zilivyozoea.

Nilimwambia Mkurugenzi siku ileile. Akasema ripoti ya vumbi kunata inasubiriwa na wakubwa, habari za mpira zibaki kati yetu.

Chumba cha jirani wapo watafuta sayari. Wao wanaitazama nyota. Mwanga wake ukififia kidogo, ukarudi, kisha ukafifia tena baada ya muda uleule, wanajua huenda sayari inapita mbele yake. Na hata hapo hawafungui mdomo mpaka wahakikishe si nyota mbili zinazofunikana ndizo zinazowachezea shere. Wao wanasubiri, halafu mimi nitangaze unyevu?

Mkurugenzi akaniambia nisaini, la sivyo chumba changu anawapa hao wenzangu waweke kompyuta zao. Nikamwambia awape.

Nilisema bila kupepesa macho, kisha nikaenda chooni nikalia. Nilikipenda kile chumba, Kaka. Lakini sijutii, na hiyo kazi uliyonitafutia katika maabara ya hospitali yenu nashukuru kwa moyo wote, ila siji. Unasema umri unakwenda na mimi nacheza na vumbi. Uende tu. Kila mara wanapata sayari mpya, maana yake punje zinavuka huko nje, na zinavuka sehemu nyingi. Mimi sijui zinavukaje. Nimeandika hivyo kwenye ripoti yangu mwenyewe, nayo nimeisaini.

Kuna jambo moja Mama hataki nikuambie, lakini lazima ulijue. Pipa langu walilitoa nje kama chuma chakavu, nikaambiwa nikitaka nibebe. Rafiki yangu fundi wa friji akalileta kwa lori lake mpaka uani. Mama alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaniuliza kama nilichowaambia wale watu ni kweli. Nikamjibu ni kweli. Akaingia ndani.

Chumba chako unajua kilivyo. Tangu uondoke hajalala mtu humo. Hata wageni wakijaa, tunalala sebuleni. Shuka zako Mama anazifua kila mwezi ili ukirudi uzikute safi. Jana alizitoa, akatoa na godoro, akaniita nishike upande wa pili wa kitanda tukitoe, pipa liingie. Mama huyuhuyu, ambaye hajapata kulionea vumbi huruma.

Msalimie Wifi sana, wabusu mapacha, na mjomba mkikutana mwambie bado namdai ugomvi wetu wa mwaka jana. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako, anayekupenda hata anapokukatalia,

Kichwa Kigumu.

Mama amesoma barua hii begani kwangu. Anasema niongeze kwamba ukija utalala sebuleni, na miguu uifute mlangoni.