Cherehani ya Asya na Umeme wa Saa ya Adhana

Matrah, Omani, Jumanne, mwaka 1970

Joto limelegea. Tangu asubuhi upepo unatoka milimani, mkavu, unapasua midomo, na watu wanamshukuru Mungu kwa nafuu hii. Mimi sijatulia. Nimepanda ngazi na kushuka bila ya haja, nimefungua kitabu na kukifunga, nimemwagilia mrihani uliokwisha kumwagiliwa.

Sababu ni cherehani.

Dada yangu Asya, mjane nnayekaa naye, alitoka Unguja mwaka wa mapinduzi akiwa ameipakata cherehani yake mapajani kama mtoto. Tulipokuwa Kuwait, kabla ya kuja huku Omani, tuliifungia mota ya umeme, na hapa Matrah ndiyo tegemeo lake. Lakini wateja hawakuja upesi. Wanawake wa mtaani walimwona mgeni, Mzanzibari anayesema Kiarabu kwa lafudhi ya kuchekesha. Mwezi huu ndiyo kwanza nyumba moja ya mtaa wa Wattaya imempa nguo za bibi harusi, kanzu na suruali zake. Harusi ni Alhamisi. Nguo zikitoka vizuri, mlango umefunguka. Mota ikiungua, sijui mtu hata mmoja hapa wa kuisuka upya nyaya zake.

Na umeme wetu una hasira.

Unguja tulizoea umeme kama maji ya mfereji, ukifungua unakuja, ukifunga unakatika, hauna habari na mtu. Hapa tunaupata kwa jirani mmoja tajiri, mwenye jenereta la mashine yake ya barafu, aliyetuvutia waya sisi majirani. Siku nyingi ni mwema. Halafu jioni moja globu inapasuka, jioni nyingine feni ya mtu inatoa moshi. Wiki iliyopita Asya aliinua mguu kwenye kanyagio ghafla: mota ilikuwa ya moto kama pasi na chumba kizima kinanuka. Majirani walisema ni husuda. Wengine walisema ni chumvi ya bahari.

Nilivuta kiti nikakaa chini ya globu kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Jioni ya kwanza nikaona. Ya pili nikahakikisha. Globu inageuka nyeupe kupita kiasi muadhini anapoanza tu adhana ya magharibi.

Nieleze, maana kueleza kunanituliza. Mfikirie hamali anayesukuma mkokoteni wa magunia ya mchele kupanda mlima wa sokoni. Anasukuma kwa nguvu zake zote. Sasa magunia yote yaondolewe kwa mara moja, naye hajaambiwa. Mkokoteni utaruka mbele, na aliyesimama njiani ataumia. Jenereta ni huyo hamali. Ikisikika adhana, msimamizi wa barafu anazima mashine yake aende msikitini, nyumba zinazima feni, wanawake wanaweka pasi chini. Mzigo umeondoka, na nguvu yote inamwangukia aliyebaki amewasha.

Nilikwenda kwa msimamizi wa barafu, nikamwomba apunguze mwendo wa jenereta kabla ya kuzima mashine. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kahawa, akaendelea na mazoea yake. Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Kabla ya adhana, chomoeni plagi. Msiamini swichi, chomoeni. Bwana Khalfan wa nyumba ya tatu alinitazama akicheka.

"Mwalimu, kwani umeme nao unasali?"

"Hausali, ila tukienda kusali sisi, unaruka."

Asya akanibandika jina, muadhini wa plagi. Na kila jioni nimekuwa nikisimama karibu ya ukuta, mkono tayari, na yeye akishona. Anasema namtia kiwewe kuliko umeme wenyewe.

Leo nilikuwa na jambo jingine sikioni. Kila jioni redio moja ya ng'ambo inasoma salamu za wasikilizaji kwa Kiswahili, fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani. Nnangoja jina la rafiki yangu Makame, aliyebaki Unguja. Tulisomesha darasa moja, tukagawana chaki. Tangu tuagane sijui kama yu hai. Redio yangu ni kubwa, ya umeme, na kituo chenyewe ni kigumu kukipata. Sindano ikisogea unywele mmoja, kimepotea.

Adhana ikaanza. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote kwa heshima: nikapunguza sauti ya redio mpaka mwisho. Kisha nikamgeukia Asya. Alikuwa kwenye pindo la suruali, mguu bado uko kwenye kanyagio.

"Asya, acha!"

"Kidogo tu kaka, nimalizie hapa."

Niliruka, mimi na magoti yangu haya, nikaivuta plagi ukutani. Globu ikawa nyeupe, ikaimba, ikapasuka. Vipande vya kioo vikatuangukia, Asya akalala juu ya nguo kuzikinga. Gizani nikaishika mota. Baridi. Nilicheka kwa furaha peke yangu.

Halafu nikasikia harufu.

Nilikuwa nimepunguza sauti. Sikuwa nimezima. Redio iliyonyamaza inakula umeme sawasawa na inayosema, na hilo nimewaeleza majirani wote, nyumba kwa nyumba.

Asya aliwasha taa ya mafuta, akaiona redio inafuka moshi. Nilitegemea atanicheka. Akasema, "Pole, kaka." Tukasali. Aliporudi kwenye cherehani aliuvua mkanda wa mota, akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono, kama alivyofanya mama yetu, na suruali ile ikaendelea pale ilipoachia.

Nikamwambia yangu yote, kwamba pengine jioni hii hii Makame ametajwa, na mimi nimebaki na kisanduku kinachonuka. Hakuinua macho kwenye mshono.

"Miaka yote unangoja akutaje. Wewe umemtaja lini?"



Sijapata kutuma salamu hata moja. Nilijiambia naogopa kumtia matatani, na hofu hiyo si ya uongo. Lakini salamu ni salamu tu, haina siasa. Pengine naye jioni hizi amekaa mbele ya redio yake, kapunguza sauti kwa heshima ya adhana, anangoja jina langu.

Nguo za bibi harusi zimekunjwa ndani ya shuka jeupe, amebakisha vifungo. Kesho nitapeleka salamu posta, kwa jina langu kamili, ili asinikose. Na jioni nitakwenda kwa Bwana Khalfan, mwenye transista ya betri. Itabidi nimvumilie akinicheka.